Santuri moja ya zawadi: 4:44, Cuban Linx ya pili au ile ya mwisho ya Tribe?

Mwana_Temeke
Wakuu salaam. Kaka yangu mkubwa anagonga 50 mwezi ujao, nataka kumpa santuri ya hip hop. Ni mtu wa miaka ya tisini, zile za ujanani anazo zote kichwani, sitaki kumrudishia kitu anachokijua. Nataka albamu ambayo mkongwe aliitoa ukubwani na bado inasimama kama klasiki. Nimebaki na tatu:

1. Jay-Z, 4:44 (2017)
2. Raekwon wa kundi la Wu-Tang Clan, Only Built 4 Cuban Linx... Pt. II (2009)
3. A Tribe Called Quest, We Got It from Here... Thank You 4 Your Service (2016)

Pesa ni ya moja tu. Ipi?

kaseti_C60
Mleta mada umekuja na swali nusu. Bajeti kiasi gani? Kaka anapigia mashine gani? Yuko mji gani? Na "mtu wa miaka ya tisini" ndiyo nini, wa Tribe au wa Wu-Tang? Hao wawili hawana maskio sawa. Jibu hayo kwanza, tusije tukabishana kurasa tano halafu utuambie hata mashine hana.

MzeeWaBiti
4:44, bila kupepesa macho.

Nyimbo 10, dakika 36, prodyuza mmoja: No I.D. wa Chicago. Hapo ndipo wakongwe wengi wanapofeli. Wanatoa nyimbo 18, maprodyuza 12, kila wimbo una kijana mmoja anayevuma mwaka huo, na baada ya miaka miwili albamu imeoza kwa sababu hao vijana nao wameoza.

Ila ufupi peke yake hautoshi. Chukua The Story of O.J. Imejengwa juu ya wimbo wa zamani, Four Women ya Nina Simone, unaotaja wanawake wanne, kila mmoja anaanza na rangi ya ngozi yake. No I.D. amekata ile sauti akaitandaza chini ya mistari, na Jay juu yake anahesabu aina za watu weusi: mwenye ngozi nyeupe kidogo, mweusi tii, tajiri, fukara, wa nyumbani, wa shambani. Kwa hiyo kile kipande kinabishana naye, kinampa maana ya pili. Kakate kipande kingine chochote hapo na wimbo unakufa.

Halafu kuna umri. Jay alikuwa na miaka 47. Ukitaka kujua kwa nini hii ilishika na nyingine haikushika, iweke pembeni ya Kingdom Come ya 2006. Hata ile ilikuwa albamu ya utu uzima! Alikuwa ametoka "kustaafu", akawaita Dr. Dre, Just Blaze, Kanye, mpaka Chris Martin wa Coldplay. Lakini pale anajigamba kwamba thelathini ndiyo ishirini mpya, yaani anaukimbia umri huku anauimba. Mwaka 2013 alipopanga albamu zake mwenyewe kwa ubora, Kingdom Come aliiweka mkiani. Kwenye 4:44 hakimbii. Wimbo wa kwanza, Kill Jay Z, analiua jina lake mwenyewe, wa mwisho mtoto anamuuliza baba wosia ni nini.

Mvita_Side
Yakhe, hiyo kanuni yako ya prodyuza mmoja ngoja niivunje asubuhi hii hii.

Cuban Linx ya pili ina RZA, J Dilla, Dr. Dre, Pete Rock, Marley Marl, Erick Sermon, Alchemist na wengine. Nyimbo 22. Dakika kama 70. Kwa hesabu zako ingekuwa takataka. Sasa sikiliza: ile ya kwanza ya 1995 inafungwa na North Star, mzee Popa Wu ananong'ona ushauri. Hii ya 2009 inafunguliwa na Return of the North Star, mzee yule yule. Miaka 14 imepita na mlango ni ule ule, hakuna aliyebadili kitasa. Kinachoishika albamu pamoja ni mahali na watu, prodyuza baadaye. Jiko, mizani, ngazi za nyumba za Staten Island, mwenzake wa Wu-Tang, Ghostface, pembeni anaingilia kama kawaida yake.

Na wimbo wa Ason Jones ni wa kumlilia Ol' Dirty Bastard, mwenzao wa Wu-Tang aliyefariki Novemba 2004, juu ya mdundo wa J Dilla, ambaye naye alifariki Februari 2006. Marehemu analiliwa kwa mkono wa marehemu. Nitajie wimbo wa 4:44 wenye uzito huo.

MzeeWaBiti
Smile. Anamzungumzia mama yake aliyeishi miaka mingi akificha kwamba anapenda wanawake, na mwishoni mama mwenyewe, Gloria Carter, anasoma shairi. Umeuliza, nimetaja.

Halafu usilinganishe. Raekwon alikuwa anarudia formula ya ujana, tena kwa jina la albamu ya ujana. Ni ukarabati mzuri, sikatai, lakini ni ukarabati.

Mvita_Side
Ukarabati gani? Mji Mkongwe nao ukipigwa chokaa upya unaacha kuwa Mji Mkongwe?

dada_wa_mistari
Nyinyi wanaume mnagombea kuta, mimi niingie na ya tatu.

Tribe walikuwa hawajatoa albamu tangu The Love Movement ya 1998. Miaka 18. Phife Dawg, mmoja wa wachanaji wao, akafariki tarehe 22 Machi 2016 kwa matatizo ya kisukari, kazi ikiwa katikati, kwenye studio ya nyumbani kwa Q-Tip huko New Jersey. Ikatoka tarehe 11 Novemba 2016, siku tatu baada ya uchaguzi wa Marekani, ikaingia namba moja.

Kwa kawaida albamu ya marehemu inanuka ubani: vipande vya sauti vya zamani vimeokotwa, wageni wanakuja kutoa rambirambi, mdundo umejengwa baada ya mazishi. Hapa sivyo. Sikiliza Dis Generation kwa makini. Q-Tip, Phife, Jarobi na Busta Rhymes wanapokezana ndani ya mstari mmoja, huyu anaanza neno yule analimaliza. Huwezi kuyaunganisha hayo kwa kompyuta kutoka kwa watu walio miji minne, lazima pumzi zikutane. Ndiyo maana Phife anasikika mzima, anacheka, anatania. Msiba wenyewe wanautaja wazi kwenye Lost Somebody, na wimbo wa mwisho ndio wa kumsifu. Albamu imegawanywa nyimbo nane nane.

Kwangu klasiki ya ukubwani ina kipimo kimoja: je, mtu huyu angeweza kuitoa akiwa na miaka 24? Kama angeweza, si ya ukubwani, ni ya ujana iliyochelewa. Hii ya Tribe isingewezekana 1993. Cuban Linx ya pili, kaka Mvita nisamehe, theluthi mbili yake ingewezekana 1997.

Mvita_Side
Sikusamehe ila nimekuelewa.

QB_Mburahati
Nani kaandika orodha ya wakongwe bila Nas? Mleta mada una ugomvi naye?

Life Is Good ya 2012: kwenye jalada kakalia kiti, gauni la kijani la harusi la aliyekuwa mkewe Kelis limelala magotini. Huo ndio utu uzima. Kisha kuanzia 2020 hadi 2023 katoa albamu SITA na prodyuza Hit-Boy. King's Disease ya kwanza ikampa Grammy yake ya kwanza maishani, mtu aliyetoa Illmatic mwaka 1994! King's Disease III haina mgeni hata mmoja. Magic 3 aliitoa siku anatimiza miaka 50. Kaka wa mleta mada anatimiza 50. Mnataka Mungu aandike ukutani?

kaseti_C60
Sita ndiyo tatizo lenyewe mkuu. Ukitoa sita kwa miaka minne msikilizaji hajui ashike ipi. Hebu chukua mashabiki kumi wa Nas uwaulize ipi ndiyo klasiki kati ya hizo sita. Utapata majibu manne, na mmoja atasema Magic ya kwanza kwa sababu ina nyimbo 9 tu. Ubora upo, sibishi. Ila klasiki inahitaji watu wakutane sehemu moja.

Na Grammy tuiweke kando. 4:44 iliteuliwa mara nane kwenye Grammy za 2018 ikatoka mikono mitupu. Hakuna aliyeishusha kwa hilo.

QB_Mburahati
Basi Life Is Good. Na kama mnamsujudia No I.D., Daughters ni mkono wake pia. Huyo huyo ndiye aliyempikia Common Resurrection mwaka 1994. Kwa hiyo mnasifia mpishi, sahani tofauti.

MzeeWaBiti
Hapo umesema kitu. No I.D. anajua kuacha nafasi. Kwenye wimbo wenyewe wa 4:44 sauti ya Hannah Williams ndiyo inayobeba maumivu, Jay anaongea tu, karibu bila mahadhi. Mchanaji wa miaka 47 pumzi yake si ile ya 26. Ukimpa mdundo wenye ngoma nene na kasi, ataanza kupigana nao, utamsikia anameza maneno mwisho wa mstari. Ukimwachia nafasi katikati ya sauti, anashuka, anaongea, na umri unageuka kuwa mali. Angalieni albamu mbovu za wakongwe, nyingi utasikia sauti iko juu mno, anapiga kelele kushindana na biti ya vijana.

fundi_sindano
Naona mnajadili dini, mimi nijadili plastiki. Mleta mada anataka SANTURI. Yafuatayo yataamua mambo kabla ya Nina Simone.

Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33 na theluthi unapendeza ukibeba dakika 18 hadi 20. Ukivuka 22 mchongaji lazima abane mifereji, na ili ibanane lazima apunguze sauti na besi, kwa sababu besi ndiyo inayotanua mfereji. Sasa pigeni hesabu. 4:44 dakika 36, yaani 18 kila upande, inakaa santuri moja vizuri kabisa. Tribe ina saa moja: santuri mbili, dakika 15 hivi kila upande, raha. Cuban Linx dakika 70 nayo ni mbili, 17 na ushei. Yeyote atakayekuuzia hiyo kwenye santuri moja, kimbia.

La pili, mwisho wa upande. Pembeni ya nje mfereji unapita chini ya sindano kama sentimeta 50 kwa sekunde, karibu na kibandiko cha katikati unashuka hadi kama 20. Sauti za "s" na "sh" zinaanza kukwaruza hapo. 4:44 ikigawanywa tano tano, ule wimbo wenye jina la albamu unaangukia mwisho wa upande A. Yaani kilio chote kiko sehemu mbaya kuliko zote. Kwa sindano nzuri hutasikia kitu, kwa sindano mbovu Hannah Williams atakuwa kama anakaanga vitunguu.

La tatu, feki. Hii 4:44 ilianzia kwenye mtandao wa muziki wa Tidal peke yake tarehe 30 Juni 2017, CD ikafuata wiki iliyofuata ikiwa na nyimbo tatu za nyongeza. Albamu ya namna hiyo, yenye mashabiki wengi na iliyoanzia mtandaoni, ndiyo chakula cha wachapishaji wa kichochoroni. Msiulize bei kabla ya kuuliza chapa.

Mwana_Temeke
Asanteni wakuu, nimejifunza. Majibu: bajeti laki mbili na nusu pamoja na usafiri. Kaka yuko Arusha. Alikuwa anapenda wote, Tribe na Wu. Mashine anayo, ile inayofungwa kama sanduku, spika zimo humo humo. Feki naitambuaje?

kaseti_C60
Sanduku! Nilijua tu.

fundi_sindano
Tutarudi kwenye sanduku. Kwanza feki, nikueleze nakala moja ya albamu ya rapa mkongwe iliyonifikia mezani kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, maana ilikuwa na makosa yote kwa pamoja.

Jalada: maandishi madogo ya nyuma yana ukungu, kwa sababu yalipigwa picha kutoka jalada la CD yakakuzwa. Ukiweka kioo cha kukuzia unaona vidoa vya uchapaji juu ya vidoa vya uchapaji. Hakuna msimbopau. Kibandiko cha katikati kimeandikwa upande A lakini ukiweka sindano unapiga upande B. Sehemu laini isiyo na mfereji karibu na kibandiko, ambapo chapa halali huwa na namba zilizochongwa na mara nyingi alama ya mchongaji, ilikuwa na herufi mbili tu zimekwaruzwa kama kwa msumari.

Sauti sasa. Upande mmoja dakika 26, kwa hiyo iko chini, unaongeza sauti mpaka mashine inaanza kuvuma. Matoazi yanatoa mluzi wa majimaji, ile "shwii shwii" ya faili ya MP3 iliyobanwa. Yaani walichukua faili la mtandaoni wakalichonga kwenye plastiki. Besi imerundikwa kati. Tundu la katikati halikuwa katikati, ukitazama mkono wa sindano unayumba kushoto kulia kila mzunguko, na piano inapanda na kushuka kama mlevi. Bei yake ilikuwa zaidi ya nusu ya ile halali, kwa hiyo hata ubahili haukulipa.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela muombe muuzaji picha tatu: sehemu laini ya kila upande ikimulikwa na tochi kutoka ubavuni, nyuma ya jalada, na kibandiko. Namba zile kazitafute Discogs, tovuti yenye orodha za santuri, ulinganishe herufi kwa herufi. Akikwambia hana muda wa kupiga picha, na wewe huna muda wa kumtumia hela.

dada_wa_mistari
Na usafiri usisahau. Bahasha laini ikifika Arusha santuri imepinda. Adai boksi gumu la kadibodi, na santuri itolewe ndani ya jalada iwekwe nyuma yake ikiwa kwenye mfuko wake wa ndani, la sivyo ikigongwa inachana jalada kwenye mshono. Ikifika isilazwe kwenye dashibodi ya gari hata robo saa, jua la mchana linaikunja kama chapati. Isimamishwe wima, isirundikwe.

kuku_wa_kienyeji
Nimesoma uzi wote. Swali: kwa nini wakongwe wetu hapa hawatoi albamu za ukubwani? Professor Jay, Sugu na wenzao wako wapi kwenye mjadala huu?

kaseti_C60
Bungeni walikwenda mkuu. Sugu Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, Professor Jay Mikumi 2015 hadi 2020. Mtu anayeandaa hotuba za jimbo hana wiki ya kukaa studio.

Lakini sababu ya msingi ni soko. Enzi za Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, albamu ilikuwa ndiyo bidhaa. Msambazaji wa Kariakoo hanunui wimbo mmoja, ananunua masta ya kaseti nzima, upande A na upande B, dakika 30 kwa 30 kwa kaseti ya C60. Kwa hiyo msanii alilazimika kuwa na nyimbo kumi, na katika kumi hizo ndipo zilipojificha zile za maana ambazo redio isingezipiga. Kaseti ilipokufa, wimbo mmoja mmoja ndio ukawa mshahara. Mkongwe wa miaka 48 akiwa na jambo zito la kusema, analisema kwenye wimbo mmoja wa dakika tatu na video.

Mvita_Side
Na waandaaji wa matamasha wanalipia ngoma za zamani. Shabiki kaja kuimba kiitikio cha 2001, ukimwambia "sasa nawaletea kazi mpya" anakwenda kununua mishkaki.

QB_Mburahati
Hilo liko kote. Hata Nas anatakiwa Illmatic jukwaani.

MzeeWaBiti
Tusitoke nje ya mada. Kuna hii ya Clipse pia, Let God Sort Em Out ya Julai 2025. Ndugu wawili, Pharrell peke yake kwenye midundo, albamu yao ya kwanza tangu Desemba 2009. Wimbo wa kwanza tu wanazungumzia vifo vya wazazi wao, Pusha T anamzungumzia mama, Malice anamzungumzia baba. Prodyuza mmoja tena! Nyimbo 13. Natangaza rasmi kanuni yangu inaishi.

dada_wa_mistari
Mwaka mmoja hauzai klasiki kaka. Iache ikae. Mimi naipa albamu miaka mitano kabla sijaiita hilo jina. Dr. Dre alitoa Compton mwaka 2015 baada ya miaka 16, kila mtu akapiga kelele wiki mbili. Leo nani anaitaja kwenye uzi huu? Hakuna, mpaka mimi.

MzeeWaBiti
Compton ina nyimbo zake.

dada_wa_mistari
Nyimbo ndiyo. Albamu?

fundi_sindano
Narudi kwenye sanduku. Mleta mada, mashine nyingi za aina hiyo zina sindano ya bei nafuu yenye kichwa cha kauri, mara nyingi kijisindano chenye kishikio chekundu, na mkono unakandamiza kama gramu 5. Kichwa cha kawaida cha sumaku, mfano AT-VM95E, kinataka gramu 2. Tofauti hiyo kwa macho hutaiona, mfereji unaiona.

Zaidi ya hapo, mkono wa sanduku ni mfupi na mwepesi. Besi nene ikija, sindano inarushwa, inaruka mfereji. Na spika zikiwa ndani ya boksi moja na sindano, besi inarudi kupitia mbao inaitikisa sindano, ndiyo ule mvumo. Watu wanabandika sarafu juu ya mkono ili isiruke. Usifanye hivyo. Unaongeza uzito juu ya uzito, unalima shamba.

Kwa hiyo kwa mashine hiyo, katika zako tatu: Cuban Linx ina besi chafu na sauti nyingi zimerundikana, itaruka. Tribe ina nafasi, na upande wa dakika 15 unaishia mbali kidogo na kibandiko, ndiyo itakayosikika vizuri kuliko zote. 4:44 ina mwisho wa upande A niliousema.

Mvita_Side
Kwa hiyo mnaikata Raekwon kwa sababu ya mashine mbovu? Mnunulieni mashine!

kaseti_C60
Kwa laki mbili na nusu anunue mashine gani, sufuria?

Mvita_Side
Basi agawanye. Mwaka huu kichwa na mkono, mwakani santuri.

QB_Mburahati
Zawadi ya miaka 50 iwe sindano? "Heri ya kuzaliwa kaka, shika gramu mbili."

kuku_wa_kienyeji
Mimi nina santuri za babu, taarab na dansi, zimejaa vumbi na ukungu wa Tanga. Hizo nazo nazisafishaje? Samahani kwa kutoka nje.

fundi_sindano
Umetoka nje lakini swali zuri. Tazama kwanza kama ni nzito, inavunjika kama sahani na imeandikwa 78. Hizo si plastiki, ni shelaki. Usiziguse na spiriti kabisa, zinayeyuka. Maji safi kidogo na tone la sabuni, futa, kausha haraka. Na usizipige kwa sindano ya santuri za kisasa: mfereji wake ni mpana karibu mara tatu au nne, sindano nyembamba inachapa chini kwenye uchafu.

Zile za 33 na 45 za plastiki: maji yaliyokenekwa (distilled) robo tatu, spiriti ya isopropili robo, tone moja la sabuni ya vyombo. Maji hayo utayapata kituo cha mafuta, yanauzwa kama maji ya betri. Soma chupa mara mbili: MAJI ya betri, si asidi ya betri. Kitambaa laini, zungusha kufuata mfereji, usikatishe. Kibandiko kisilowe. Suuza kwa maji yale yale matupu, isimamishe kwenye rafu ya vyombo mpaka ikauke.

dada_wa_mistari
Taarab kwenye shelaki! Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Kama babu yako ana hata moja ya hizo usiisafishe mwenyewe, tafadhali.

kuku_wa_kienyeji
Ngoja nikatazame.

Mwana_Temeke
Wakuu nimempigia shemeji kwa siri. Anasema kishikio cha sindano ni chekundu kweli. Na anasema kaka kabandika sarafu ya shilingi mia mbili juu ya mkono.

fundi_sindano
Mwambie aitoe leo. Kisha apige picha ya mkono wote kwa ubavu, karibu, na ya nyuma ya mashine tuone kama ina matundu mawili ya kutolea sauti, jekundu na jeupe. Ziweke hapa kabla hujaagiza chochote.

MzeeWaBiti
Na amuulize kaka anampenda nani kati ya Q-Tip na Ghostface. Bila kumwambia kwa nini.

QB_Mburahati
Amuulize na Nas.